Njia ya Udongo Kwenye Mlango wa Kanisa

Sikuzaliwa hivi. Mama alikuwa akisema kwamba niliwahi kutembea mapema kuliko watoto wa rika langu, na kwamba nilimfuata kila alikokwenda mpaka akawa ananifungia mlango. Nilikuwa mtoto wake wa kwanza. Kwetu Newala mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linakaa pembeni, watu humwita kwa jina la mtoto. Kwa hiyo mama aliitwa kwa jina langu. Kisha mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, nikapata homa, nikalala bila kujitambua, na homa ile ilipotoka ikaondoka na miguu yangu yote miwili.

Mdogo wangu wa kiume alipozaliwa, watu wakaanza kumwita mama kwa jina lake yeye. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Ilitokea tu, kama njia ya shambani inavyohama mti ukianguka. Mama aliitikia majina yote mawili. Hakuwahi kunieleza kitu, nami sikuwahi kumuuliza.

Nilipofika umri wa kukumbuka mambo, baba na mjomba walinibeba kwa machela kutoka kwetu karibu na Kitangari, wakanishusha genge, ule mteremko mkali wa uwanda wetu wa juu, mpaka bondeni, wakanifikisha hospitali ya misheni upande wa Masasi. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na barabara ilikuwa ya mchanga mtupu. Nilikaa hospitalini kwa muda mrefu. Miguu haikupona, ila nilifundishwa kutumia mikono. Fundi wa pale alinitengenezea makatambuga, vile viatu vya tairi la gari, lakini vyangu vilikuwa vya kuvaa mikononi. Chini nikafungiwa kipande cha ngozi ya mbuzi ili nisichubuke. Nilipojifunza kujikokota kutoka wodini hadi jikoni bila msaada, wapishi walinipigia vigelegele.

Hospitali ile ilikuwa na kanisa dogo. Sakafu yake ilikuwa sawa na uwanja, kizingiti hakikuwa kirefu kupita kidole. Jumapili wagonjwa walisukumwa na vitanda vyao, wengine walikuja na magongo, wengine kama mimi walijikokota. Mtu akitaka kulala chini wakati wa mahubiri, alilala. Mwenye kikohozi alikohoa. Padri aliendelea na kazi yake. Mimi sikujua kanisa la namna nyingine, maana kabla ya hapo nilikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Nikadhani makanisa yote ya Mungu yako hivyo.

Niliporudi nyumbani ndipo nilipoliona la kwetu.

Kanisa letu lilijengwa juu ya msingi mrefu, kwa kuogopa mchwa na maji ya mvua, na mlango wake mkubwa uliukabili uwanja kwa ngazi za mawe. Wajenzi walikuwa watu wenye miguu mirefu. Hata watoto wazima walipanda kwa kuinua goti mpaka tumboni. Jumapili yangu ya kwanza mjomba alichuchumaa mbele yangu, akasema, "Panda mgongoni." Nikapanda. Tukaingia, akaniweka kwenye mkeka upande wa wanawake, akaenda zake upande wa wanaume. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mjomba kwetu ni mtu mkubwa, ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na hakuona aibu kunibeba mbele za watu. Nilimpenda kwa hilo, na ninampenda hadi leo ingawa amekwishatangulia.

Lakini mtoto hukua. Ilifika wakati nikawa mwari, nimechezwa unyago, nimefundishwa namna msichana anavyokaa na anavyojifunika. Jumapili iliyofuata mjomba akachuchumaa kama kawaida, nami nikabaki nimekaa.

"Vipi?" akauliza.

"Mjomba, naomba leo nikae hapa nje."

Akaniangalia, kisha akamwangalia mama. Mama akatazama chini. Mjomba alielewa, maana alikuwa mtu wa akili. Akachukua mkeka, akanitandikia chini ya dirisha upande wenye kivuli, akaingia kanisani peke yake.

Basi nikawa Mkristo wa dirishani. Nilisikia nyimbo vizuri, mahubiri nusu nusu, maana padri alipogeukia upande wa pili maneno yaliruka. Kengele ndogo ilipolia wakati wa kuwekwa wakfu, niliinamisha kichwa peke yangu pale nje, na kuku wa mwalimu wa dini walipita mbele yangu wakichakura. Watu walipotoka walinisalimu kwa wema. "Umeamka salama, mwanangu? Mungu akubariki." Nisiseme uongo, hakuna aliyenidharau. Lakini walipokwisha kunisalimu walikwenda zao wakizungumza habari za mle ndani, nani aliimba vibaya, mtoto wa nani alibatizwa, na mimi sikuwa na la kuchangia.

Siku za kazi nilikaa nyumbani nikisuka mikeka. Majani ya milala yaliletwa na wanawake waliotoka kuteka maji bondeni. Inafaa nieleze habari ya maji, maana mgeni hawezi kuijua. Juu ya uwanda wetu hakuna mto wala kisima. Udongo ni mwekundu na wa kichanga, mvua ikinyesha inazama. Maji yalikuwa chini ya genge, na wanawake waliondoka jogoo la kwanza, wakashuka, wakapanga foleni kwenye chemchemi, wakajaza, wakapanda tena na mitungi kichwani, na kufika nyumbani jua limeshakuwa kali. Mtungi mmoja ulikuwa kazi ya nusu siku. Mgeni akikaribishwa maji ya kunawa kwetu, anatakiwa ajue amepewa nini. Mimi mwenyewe sikuwahi kushuka kule. Nilikunywa maji ya jasho la mama na la watu wengine, na nililijua hilo kila nilipopokea kata.

Mwaka huo mwalimu wa dini alianza mafundisho ya kipaimara. Darasa lake lilikuwa uwanjani, chini ya mikorosho, kwa hiyo nilihudhuria bila shida. Nilijibu maswali yote, na mengine nilizidisha, mwalimu akawa ananiambia, "Waachie na wenzako." Kulikuwa na msichana mmoja, binti wa fundi cherehani, aliyekaa karibu nami kila siku kwa sababu alikuwa hawezi kukumbuka Amri Kumi kwa mpangilio, nami nilimnong'oneza. Tukawa marafiki. Yeye alikuwa mrefu kama mtama wa mwaka wa mvua, na tulipokwenda pamoja watu walicheka, naye alicheka zaidi yao.

Ilipokaribia askofu kuja, padri wetu alinijia pale nilipokaa. Alikuwa mtu wa huku huku kusini, mpole, mwenye sauti ya chini. Akachuchumaa.

"Mwanangu, nimefikiri habari yako," akasema. "Siku ile usihangaike. Askofu akimaliza wenzako ndani, nitamwomba atoke akuwekee mikono hapa hapa nje. Nina hakika atakubali."

Mama alikuwa karibu. Alipiga magoti, akaanza kushukuru. "Asante, Baba. Asante sana, Baba."

Sijui maneno yangu yalitoka wapi. Nilisema, "Baba Padri, askofu akinifuata nje, mimi nitakuwa nimeingia wapi?"

Mama alinifinya mkono. Padri hakukasirika. Aliokota jani kavu la mkorosho, akalivunja vunja vidoleni. Kisha akainuka, akaenda.

Nyumbani mama alinisema mpaka ugali ukapoa. "Mtu mkubwa anakutafutia njia, wewe unamrudishia maneno! Unataka waseme nimekulea vipi?"

"Samahani, mama."

"Hutaki kubebwa. Hutaki kufuatwa. Unataka nini?"

Nilikuwa ninajua ninachotaka, lakini nilipotaka kukisema niliona ni kitu kidogo mno kwa maneno makubwa kama hayo. Nilitaka kuingia kama wengine wanavyoingia. Basi.

Siku chache baadaye, asubuhi ya katikati ya juma, nilijikokota mpaka kanisani peke yangu. Nilitaka kujaribu zile ngazi bila mtu kuniona. Ile ya kwanza niliipanda kwa kutanguliza mikono na kuivuta nyonga nyuma. Ya pili nilichubuka kiwiko. Ya tatu kanga ikanikwama kwenye jiwe, ikavutika, nikabaki nimening'inia na mapaja wazi, siwezi kupanda wala kushuka. Ndipo niliposikia ufagio umenyamaza.

Ndani kulikuwa na bibi aliyelifagia kanisa letu miaka yote. Alikuwa mzee wa siku nyingi, mwenye ndonya, pambo la mti, kwenye mdomo wa juu na chale usoni, mmoja wa wale wa kwanza kubatizwa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kimakonde kingi. Alitoka mlangoni, akanitazama, akashuka pole pole akanifunika kwanza. Kisha akanisaidia kukaa, naye akakaa ngazi hiyo hiyo.

"Shikamoo, bibi," nilisema, machozi yakinitoka.

"Marahaba. Mbona unapanda kanisani kama mwizi?"

"Sikutaka watu wanione."

"Hm." Akajisugua magoti. "Hata mimi hupanda kabla watu hawajafika. Unadhani ni kwa sababu ya kufagia tu? Haya magoti yakinigomea katikati, watu wanasimama nyuma yangu wakingoja, nami naona haya."

Tukakaa. Baada ya muda akacheka kwa pua. "Wanaume hawa waliojenga," akasema. "Sisi tukipanda genge na maji kichwani, je, tunapanda ngazi? Njia ya maji inazunguka. Inakwenda kushoto, inarudi kulia, pole pole, mpaka umefika juu na mtungi haujamwagika. Angepanda moja kwa moja nani?"

Alisema hivyo kwa kuzungumza tu, nadhani. Lakini tuliangaliana, kisha wote wawili tukaangalia ule ukuta wa msingi ulioanzia pembeni ya ngazi na kwenda hadi kona ya kanisa.

Jumapili ile, baada ya misa, wazee wa kanisa walikaa na padri uwanjani. Bibi alikwenda akakaa nao bila kuitwa. Mimi nilikuwa chini ya dirisha langu, nikasikia yote. Alisema ijengwe njia ya udongo, ianzie konani, ipande polepole ukutani mpaka mlangoni.

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye shamba kubwa la mikorosho na sauti ya kuagiza watu, akasema ngazi zile zilijengwa kwa jasho la baba zetu. "Tukiweka njia ya udongo, kesho mbuzi wataingia mpaka madhabahuni."

"Mbuzi wanapanda ngazi hata sasa," bibi akajibu. "Mimi ndiye ninayezoa mavi yao."

Watu wakacheka. Mzee akangoja wanyamaze, akasema neno la maana. "Haya, tuseme tumekubali. Udongo wa kichuguu upo. Lakini udongo mkavu haushikani. Unataka maji, tena mengi. Hiki ni kiangazi. Tusubiri mvua."

"Mvua zitakuja askofu ameshaondoka," padri akasema.

"Basi mwaka ujao."

Bibi akainuka kwa kujishika magoti. "Ninyi chimbeni udongo," akasema. "Maji ni shughuli yetu."

Jumamosi iliyofuata wanaume walivunja vichuguu viwili, wakaleta udongo kwa vikapu na mkokoteni wa misheni. Halafu wanawake wakaanza kufika. Walikuja moja kwa moja kutoka bondeni, bado wana mitungi na vibuyu kichwani, jasho limewalowesha mabega. Kila mmoja alimimina alichoamua. Wengine walimimina kibuyu, wengine mtungi mzima, na mtungi mzima maana yake ni kwamba kule nyumbani mchana ule hakukupikwa mpaka mtu ashuke tena. Jirani yetu Mwislamu, aliyekuwa akishuka na mama kuteka maji tangu wote wawili walipokuwa wasichana, alikuja naye na debe. Mzee wa kanisa akamwuliza kwa mshangao, "Na wewe?"

"Kanisani siingii," akasema huku akitua debe lake. "Ila mtoto huyu nimemlea mimi pia."

Nami nilikaa katikati ya udongo na kipande cha ubao, nikawa napiga. Mikono yangu ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa miguu yangu. Tulipiga, tukamwagia, tukapiga. Jioni njia ilikuwa imekamilika, nyekundu, inang'aa kwa unyevu. Tukaiacha ikauke.

Siku kadhaa baadaye watu walikusanyika kunitazama nikiipanda. Padri akasema, "Haya mwanangu, ni yako."

Nikatanguliza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, nikajivuta. Mwanzo ilikwenda vizuri. Nilipofika katikati, uzito wote ukanirudi nyuma. Makatambuga yaliteleza. Nikakaza meno, nikajivuta tena, nikateleza tena, ngozi ya mbuzi ikiparuza udongo, mpaka nikarudi chini kabisa na kumwangukia binti wa fundi cherehani aliyekuwa nyuma yangu.

Ilikuwa kali mno. Waliipandisha haraka kwa sababu udongo ulikuwa kidogo na maji yalikuwa kidogo.

Niliona nyuso za wanawake wale, ambao walikaa na njaa mchana mzima kwa ajili yangu. Mama akainama sikioni pangu akaninong'oneza kwa ukali, "Sema imetosha. Rafiki yako atakusukuma kwa nyuma. Sema imetosha!"

Padri akaja. "Inafaa?" akauliza. "Mwenye kuipanda ni wewe. Usituonee haya."

Kushukuru ni jambo zuri, na nilikuwa nimelishukuru jasho lao kwa moyo wote. Lakini nilijua nikisema imetosha, nitaingia kanisani kwa kusukumwa maisha yangu yote, na kila Jumapili nitatabasamu.

"Bado, Baba," nilisema. "Ianzie mbali zaidi. Ipite kona."

Mzee mwenye sauti akapiga mikono yake kuondoa vumbi na kusema, "Mnaona!" Wanawake wawili walichukua vikapu vyao wakaondoka bila kuaga. Mama alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Nilitamani ardhi ile niliyoipiga kwa mikono yangu ipasuke.

Bibi alikuwa ameshaanza kuipanda njia ile yeye mwenyewe, kidogo kidogo, mkono mmoja ukutani. Alifika palepale nilipoteleza, akasimama, akahema. Akageuka. "Anasema kweli," akasema kwa Kimakonde. "Hata mimi hapa imenishinda. Mnampikia mtu chakula, mnamwuliza kama chumvi imekolea, akisema bado mnanuna? Basi msingemwuliza."

Padri alivua kanzu yake, akaikunja, akaiweka dirishani. Akachukua jembe akaanza kubomoa sehemu ya juu, taratibu, kama mtu anayepalilia. Baada ya muda mjomba akajiunga naye. Kisha wengine. Yule mzee wa kanisa alisimama pembeni kwa muda mrefu, halafu akatuma watu wake wa shambani wakalete udongo zaidi. Sikujua kilichompata moyoni.

Jumamosi iliyofuata wanawake walishuka tena bondeni. Wale wawili walioondoka, mmoja wao alirudi na mtungi. Mwingine hakurudi, na simlaumu. Mama ndiye aliyefika wa kwanza. Alimimina mtungi wake wote, akauweka chini, akaniambia bila kunitazama, "Piga vizuri." Mara hii njia ilianzia nyuma ya kona, ikapita chini ya dirisha langu, ikainuka pole pole hata jicho halikuona kama inainuka. Ilipokauka niliipanda huku nikizungumza na watu.

Siku ya kipaimara askofu alifika kutoka Masasi kwa gari lililojaa vumbi jekundu. Alikuwa Mwingereza mzee, uso umemwiva kwa jua, Kiswahili chake kizuri cha vitabuni. Tuliingia kwa maandamano wawili wawili, wasichana tumejifunga vitambaa vyeupe kichwani. Mwenzangu alikuwa binti wa fundi cherehani. Wengine wote walizunguka nasi kwa njia ya udongo. Hakuna aliyepita ngazini. Yeye alitembea kwa hatua fupi fupi mno, kama bibi harusi, ili asinitangulie. Tulivuka kizingiti. Ndani kulikuwa na ubaridi, na harufu ya ubani na ya mikeka mipya, ambayo mingine niliisuka mimi. Nilikuwa sijauona mlango ule kwa ndani tangu siku nilipoacha kubebwa.

Tulipofika mbele nikaona tulichosahau. Mahali alipokaa askofu, mbele ya madhabahu, palikuwa juu, na palipandiwa kwa ngazi moja ya mawe, ndefu kama zile za nje. Sisi tuliojenga hatukuifikiria, wala mimi mwenyewe. Tulikumbuka za nje tukasahau ya ndani.

Nikasimama, yaani nikaacha kujikokota. Mwalimu wa dini akaanza kunijia, mikono imenyooshwa kuninyanyua. Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Nilikuwa nikiwaza kama nijaribu, na kama kanga ingenisaliti tena mbele ya watu wote wale.

Rafiki yangu akapiga magoti pale pale chini, kando yangu. Hakuniangalia. Alipiga tu magoti kama mtu aliyefika. Waliokuwa nyuma yetu, ambao hawakujua kinachotokea, wakaona tumeishia hapo, nao wakajipanga kulia na kushoto na kupiga magoti, wavulana kwa wasichana, mpaka ikawa mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta. Pale juu hapakuwa na mtu.

Askofu alingoja kidogo kwenye kiti chake. Kisha akatazama, akaelewa au hakuelewa, sijui. Akajishika kwenye fimbo yake, akashuka ile ngazi kwa uangalifu wa mtu mzee, akatuwekea mikono mmoja mmoja tukiwa pale chini. Alipofika kwangu mkono wake ulikuwa mzito na wa moto. Kwangu hakukaa zaidi ya alivyokaa kwa mwenzangu. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Mvua za mwaka ule zilibomoa nusu ya njia, tukaitengeneza. Mwaka uliofuata tukaipanga mawe pembeni. Walioitumia walikuwa wengi kuliko tulivyodhani: bibi, wajawazito, mzee mmoja kipofu aliyependa kuufuata ukuta kwa mkono. Kisha akaanza kuja mama mmoja kutoka Makote na mwanawe ambaye alikuwa hajawahi kumleta kanisani. Mtoto yule miguu yake ilikuwa mizima. Kilichokuwa tofauti ni akili yake. Hakusema maneno, na kila alipofurahi alipiga ukelele mmoja mrefu wa juu, kama ndege.

Kwa huyo udongo haukusaidia kitu. Jumapili za mwanzo, alipopiga kelele watu waligeuka, na wengine walihamisha mikeka yao. Mama yake alimziba mdomo kwa kanga na kutoka naye nje, akaenda kukaa dirishani. Nilimfuata Jumapili moja, nikashuka njia yangu mpaka alipokaa.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Anawasumbua watu, dada."

"Anawasumbua. Watazoea. Mimi pia niliwasumbua."

Alirudi, akakaa karibu nami. Mtoto alipenda makatambuga yangu, akawa anayapiga piga polepole, na hilo lilimtuliza. Kitu kimoja tu hakikumtuliza: kengele ndogo ya misa. Ikilia, alifurahi mno, akapiga ukelele wake. Padri mara ya kwanza alishtuka. Baadaye akawa anangoja. Kengele ikilia alinyamaza, mtoto akamaliza sauti yake yote mpaka mwisho, ndipo padri akaendelea na sala. Watu nao wakazoea kungoja. Watoto wengine walidhani ndivyo misa inavyoandikwa.

Mama yule baadaye aliolewa Tandahimba, akahama na mwanawe. Uhuru ulikuwa umekaribia, watu walikuwa na mengi ya kuzungumza, na kuondoka kwao hakukugusa wengi. Lakini Jumapili iliyofuata kengele ililia, na padri akanyamaza kama alivyozoea, ameinua uso kidogo, anangoja. Kanisa zima tukangoja naye. Nje kulikuwa na upepo kwenye mikorosho. Kisha akaendelea.